Ndege Wanaofanana: Jinsi Walivyopata Majina Yao katika Nchi ya Kivu



Hapa Bukavu, alfajiri, kabla kengele ya Misa ya kwanza haijalia, yuko ndege mmoja aimbaye katika ua na miti ya bustani. Huanza polepole, kisha sauti yake hupanda na kupanda, na mara nyingi jike humwitikia dume kwa upesi hata msikilizaji hudhani ni ndege mmoja tu. Ukitoka nje ukamtazama, utaona kichwa cheusi, mstari mweupe juu ya jicho kama nyusi ya mzee, kifua cha rangi ya chungwa lililoiva, na mkia mwekundu kama kutu ya chuma. Wenye elimu humwita Cossypha heuglini, kwa heshima ya Heuglin, msafiri Mjerumani wa karne ya 19. Sisi tumewauliza watu wengi wa mji jina lake, na wengi wametujibu: «Ni ndege tu.»

Siku moja kijana wa parokia yetu alirudi kutoka Burundi, alikokwenda kumwamkia shangazi yake, akatuambia kwamba amemwona ndege huyu wa bustani akikaa juu ya jiwe kavu, mahali pasipo mti wala kichaka. Tukamwambia haiwezekani. Akasema, «Baba, mkia wake ulikuwa mwekundu, nimeuona kwa macho yangu.» Tukamwuliza habari za nyusi nyeupe. Akafikiri kidogo, akasema hakuna nyusi. Na kifua? Kifua kilikuwa cha majivu. Basi huyo alikuwa ndege mwingine kabisa, jamaa wa mbali wa yule wa bustanini, ingawa mkia wao ni kama nguo iliyokatwa katika jora moja. Ndipo tukaona yafaa kuwaandikieni habari hii, yaani jinsi watu walivyojifunza kuwatenga ndege wanaofanana, na jinsi walivyokosea, hata wale wakubwa wa elimu. Na makosa mengine yaliyo makubwa yalifanyika juu ya ndege wa kwetu hapa Kongo.

Tuanze na hao wa mawe, maana ndio walimu wakali kuliko wote.

Katika nchi za Maziwa Makuu huja kila mwaka, yapata mwezi wa Oktoba, ndege mdogo wa rangi ya udongo na majivu, asiyezidi sana gramu 25. Hupenda nchi ya wazi, mashamba yaliyolimwa na majani mafupi. Huruka karibu na ardhi, hukaa juu ya bonge la udongo, huinama-inama kama mtu anayesalimu, kisha huruka tena. Wafaransa humwita traquet motteux, kwa sababu ya kupenda kwake mabonge hayo. Jina lake la elimu ni Oenanthe oenanthe. Linnaeus alimwandika katika kitabu chake cha mwaka 1758, na neno hilo Oenanthe ni la Kigiriki, maana yake ua la mzabibu, kwa kuwa ndege huyo huonekana tena katika nchi ya Wagiriki wakati mizabibu inapochanua.

Atoka wapi? Zamani watu waliona tu kwamba anakuja na anakwenda. Mwaka 2012 wataalam walitangaza matokeo ya kazi waliyofanya huko Alaska, pembe ya kaskazini kabisa ya Marekani. Walikuwa wamewafunga ndege hao vyombo vidogo mgongoni, kila kimoja hakifiki gramu mbili, ambavyo huandika saa za kuchwa na kucha kwa jua. Waliporudi mwaka uliofuata, wachache sana walipatikana tena, lakini hao wachache walisimulia safari yao: wameruka juu ya Siberia yote na Asia ya kati, wakavuka Arabuni, wakaingia Afrika ya mashariki, nchi za Sudani, Uganda na Kenya. Ni mwendo wa kilomita 14,500 hivi kwenda tu! Ilichukua miezi mitatu kuja, na chini ya miezi miwili kurudi, maana kila ndege huharakisha arudipo kujenga kiota. Mwenzao mmoja wa kisiwa cha Baffin huko Kanada alishika njia nyingine, akavuka bahari ya Atlantiki akafika Afrika ya magharibi. Fikirini, mwili wa gramu 25!

Lakini hapa ndipo taabu inapoanza. Huyu wa kaskazini akiwa kwao, dume wake ana kilemba cheusi machoni na mgongo wa majivu safi. Mtoto mdogo anaweza kumtambua. Akija kwetu huwa amevaa nguo ya safari, kahawia-kahawia, dume na jike karibu sawa. Na katika uwanda huohuo wa Kenya na Tanzania huja wenzake wawili kutoka Asia. Mmoja ni wa rangi ya mchanga mwili mzima, Oenanthe isabellina. Wa pili, Oenanthe pleschanka, dume wake ni mweusi na mweupe, lakini jike wake ni wa hudhurungi. Tena yuko mwenyeji wetu wa Afrika, Oenanthe pileata, mwenye ukanda mweusi kifuani. Naye makinda yake hayajapata ukanda huo, nayo hufanana na wale wageni. Waweke hao wanne juu ya mawe manne, mbali kidogo, jua likiwa kali, nawe utakuwa kama mtu aulizwaye kuwatenga pacha wa jirani.

Walioishi na ndege hao miaka mingi wametufundisha kutazama mkia, wakati ndege anaporuka. Wote wana weupe juu ya mkia na weusi chini yake, ila kipimo si kimoja. Wa kaskazini ana alama kama herufi T iliyopinduliwa, mguu wake ukipanda katikati ya weupe. Wa rangi ya mchanga ana ukanda mweusi mpana zaidi, unakula karibu nusu ya mkia, hata weupe unabaki mdogo. Yule wa hudhurungi ana weusi unaopanda kidogo pembeni mwa mkia, pande zote mbili. Kuna na dalili nyingine. Wa mchanga husimama wima kama askari, miguu mirefu, na akiinua bawa chini yake ni peupe. Wa kaskazini chini ya bawa ni pa majivu meusi. Mtu asiye na subira hataviona vitu hivi. Ndege huruka mara moja, unaona mkia kwa muda wa kupepesa jicho, basi. Inakubidi umfuate mpaka aruke tena.

Na wale wa mkia mwekundu? Wako wa namna mbili ambao watu huwachanganya. Mmoja ni mgeni kutoka Ulaya, Phoenicurus phoenicurus, ambaye Wafaransa humwita kwa jina la mkia wake mwekundu. Yeye hufika kaskazini ya Kongo na Uganda, hupenda miti, na mkia wake hautulii hata kidogo. Hutetemeka kama jani la mgomba penye upepo mdogo. Wa pili ni mwenyeji, ndiye aliyeonwa na kijana wetu huko Burundi: Oenanthe familiaris. Mkia wake ni wa rangi ya kutu pande zote mbili, lakini katikati na nchani ni mweusi. Akitua juu ya jiwe hutikisa mabawa, mara moja, mara mbili, kama mtu anayekunguta vumbi la nguo. Basi mkia unaotetemeka na bawa linalokunguta: mwenye kukumbuka hayo mawili hatakosea mara nyingi. Jina familiaris maana yake aliyezoea watu, na kweli amezoea. Makaburu wa Afrika Kusini walimwita mla mafuta ya nguruwe, kwa kuwa alikuja kwenye magari yao ya ng'ombe kudonoa mafuta yaliyopakwa magurudumuni.

Huyu mla mafuta ametuchekesha sana katika historia yake. Kwa miaka mingi vitabu vilimweka katika ukoo wa peke yake ulioitwa Cercomela. Hata ilipopatikana njia ya kuchunguza asili ya viumbe kwa DNA, yaani maandishi madogo yaliyomo katika kila chembe ya mwili, wataalam waliona, yapata mwaka 2010 na miaka iliyofuata, kwamba yeye ni wa damu moja na wale wa mawe tuliowataja juu. Mkia mwekundu ulikuwa umewadanganya. Hao wote zamani walihesabiwa pamoja na ndege wakubwa waimbao wa namna ya Turdus. Sasa wamehamishwa kwa jamaa za ndege walao nzi. Tena huko pwani za bahari ya Mediterania wako ndege wa mawe ambao madume yao wengine wana koo jeusi, wengine koo jeupe. Wataalam wa karne ya 19 waliwahesabu kuwa aina mbili, wakawapa majina mawili, kumbe ndugu wa kiota kimoja waweza kuwa hivi na hivi. Ni kama mtu awahesabu watoto wa Baba Yohana kuwa makabila mawili, kwa kuwa mmoja ni mweupe kidogo.

Msije mkadhani kwamba wakubwa hao walikuwa wavivu. Walikuwa wakifanya kazi kwa njia waliyokuwa nayo, na njia hiyo ilikuwa bunduki. Hadi mwanzo wa karne ya 20, ndege asiyeuawa hakuhesabiwa. Alipigwa, akachunwa ngozi, akajazwa pamba, akafungwa karatasi ndogo mguuni yenye jina na mahali na tarehe, akalazwa chali katika droo ya jumba la makumbusho huko Ulaya au Marekani. Kisha mwenye elimu, ambaye labda hajaona Afrika, alipima mdomo na bawa kwa rula. Mambo mengi hayafi pamoja na ngozi, lakini mengine hufa: kutetemeka kwa mkia, namna ya kusimama, wimbo wa alfajiri. Mwaka 1934 Mmarekani Roger Tory Peterson alitoa kitabu chake cha kuwatambua ndege kwa darubini, akionyesha katika picha zile alama chache zinazomtenga huyu na yule, na watu wengi wakaanza kuiacha bunduki. Kwa Afrika ya mashariki na kati, J. G. Williams alitoa kitabu cha namna hiyo mwaka 1963. Mwaka 2002 Terry Stevenson na John Fanshawe wakatoa kingine kizuri sana, chenye ndege wa Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi.

Hapo tuwaambieni jambo moja linalotuuma kidogo. Sisi tunaokaa Bukavu twaiona Rwanda kwa macho. Mto Ruzizi ndio mpaka, na mtu mwenye mkono wenye nguvu aweza kurusha jiwe likafika. Kitabu hicho ramani zake zinakomea pale mtoni. Upande wa pili ndege ana picha na jina na ramani. Upande wetu ni karatasi nyeupe. Ndege mwenyewe havuki kwa pasi, wala haulizwi franga za daraja. Kwa hiyo yeyote wa hapa anayetaka kujifunza hushika kitabu cha jirani, akakisia.

Sasa tuje kwenye makosa makubwa tuliyoyaahidi.

Mwaka 1909 walifika Kongo Wamarekani wawili, Herbert Lang na James Chapin, waliotumwa na jumba la makumbusho la New York. Chapin alikuwa kijana wa miaka 19 tu. Walikaa mpaka mwaka 1915, wakakusanya wanyama na ndege wengi mno. Mwaka 1913, huko Avakubi, kwenye mto Ituri, Chapin aliona kofia ya mwenyeji iliyopambwa kwa manyoya. Katika manyoya hayo lilikuwamo moja la bawa, la rangi ya kutu lenye mistari myeusi, ambalo hakulijua. Kanga? La. Kwale? La. Alilichukua, akalilinganisha na ndege wote aliowajua, wala halikulingana na yeyote. Wengine wangalilitupa. Yeye akalitunza.

Ikapita miaka 23. Mwaka 1936 Chapin alikuwa Ubelgiji, katika jumba la makumbusho la Tervuren, akiandika kitabu chake kikubwa cha ndege wa Kongo, ambacho kilitoka katika sehemu nne, tangu mwaka 1932 hata 1954. Siku moja, katika njia ya pembeni ya jumba hilo, aliona juu ya kabati ndege wawili waliojazwa, wenye vumbi, dume na jike. Karatasi yao ilisema ni makinda ya tausi wa kawaida, yule wa Bara Hindi, waliofugwa. Walikuwa wameletwa na kampuni ya Kasai mwaka 1914, pamoja na vitu vingine. Watu wangapi walipita pale kwa miaka 22! Waliona ndege anayefanana kidogo na tausi, wakasoma karatasi inayosema tausi, wakaenda zao. Chapin alitazama bawa la jike. Lilikuwa lile unyoya lake la Avakubi.

Basi hao hawakuwa makinda wala hawakuwa wa kufugwa. Alikuwa ni tausi wa Kongo mwenyewe, ndege mkubwa wa msituni, dume wa rangi ya samawati na kijani, mwenye shungi la nywele nyeupe kichwani na ngozi nyekundu shingoni, asiye na ule mkia mrefu wa fahari. Mwezi wa Novemba 1936 Chapin akampa jina Afropavo congensis. Wenye elimu wa dunia nzima walistaajabu, kwa maana waliamini tausi ni wa Asia tu. Mwaka 1937 Chapin alirudi Kongo kumtafuta akiwa hai, na huko Ayena, kwa msaada wa wawindaji wa mahali hapo, akampata.

Twawaombeni mfikiri kidogo juu ya wawindaji hao. Wao hawakuvumbua kitu mwaka 1937. Ndege huyo walimjua, walimtega, walimla, walipamba kofia zao kwa manyoya yake, tangu baba zao na babu zao. Kosa lilikuwa katika karatasi iliyofungwa Ulaya. Kama Chapin angaliweza kukaa na mwenye kofia ile mwaka 1913, akamwuliza polepole, unyoya huu ni wa ndege gani, anakaa wapi, analia namna gani, pengine asingalingoja miaka 23. Hatumlaumu, alikuwa kijana, na msitu wa Ituri si bustani ya padri. Twasema tu kwamba mwenye macho haambiwi tazama, na macho ya wenyeji yalikuwa yametazama zamani.

Chapin huyo tunamhesabu kama mtu wa kwetu kidogo, kwa kuwa katika miaka ya 1950 alikuja kukaa na kufanya kazi Lwiro, kaskazini ya Bukavu, karibu na Katana. Huko kilikuwapo chuo cha uchunguzi kilichoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1947, IRSAC. Majumba yake ya mawe yapo hata leo, na kazi inaendelea chini ya jina CRSN. Chapin alifariki mwaka 1964.

Zama hizohizo alikuwapo mwingine, upande wa kusini-magharibi. Alexandre Prigogine, mzaliwa wa Urusi aliyekuwa Mbelgiji, alifanya kazi ya madini Kamituga, penye dhahabu. Ndugu yake mdogo, Ilya, alipata tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1977. Lakini sisi wa Kivu twamtaja zaidi huyu mkubwa, kwa sababu ya milima ya Itombwe. Prigogine aliwafundisha wenyeji kukusanya ndege na kuandika mahali na urefu wa mlima, na kwa miaka mingi ndege wa Itombwe walikwenda Tervuren sanduku baada ya sanduku. Kitabu chake juu ya ndege hao kilitoka katika sehemu tatu, mwaka 1971, 1978 na 1984.

Tarehe 5 Machi 1951, mahali paitwapo Muusi, katika urefu wa mita 2430, alipatikana bundi mmoja, jike. Bundi wa nyumbani mwenye uso mweupe kama moyo mnamjua, yule akaaye darini mwa kanisa na kuwaogofya watu bure. Huyu wa Muusi alikuwa mdogo zaidi, wa rangi ya kahawia nyekundu. Henri Schouteden wa Tervuren alimtazama, akaona anafanana na bundi wa misitu ya Asia aitwaye Phodilus. Mwaka 1952 akamwandika: Phodilus prigoginei. Asia tena! Na si mara ya kwanza wala ya pili. Mwaka 1908 Rudolf Grauer, Mwaustria, alikuwa amepata katika milima ya magharibi ya ziwa Tanganyika ndege mdogo wa kijani mwenye koo la samawati, naye Rothschild alipomwandika mwaka 1909 alimwita Pseudocalyptomena, yaani Calyptomena wa uongo, kwa kuwa alifanana na Calyptomena wa Borneo.

Tausi, ndege wa kijani, bundi: wote watatu walitazamwa kwa miwani ya Asia. Juu ya tausi miwani haikudanganya, kwani kweli ni jamaa ya tausi wa Hindi. Juu ya bundi mambo ni mengine. Miguu yake ni midogo, mdomo wake ni mwembamba, na wataalam wengi wanaona kwamba yu karibu zaidi na bundi wetu wa darini. Orodha kadha za siku hizi zimemtoa katika Phodilus zikamtia katika Tyto. Nyingine bado zinamwacha alipokuwa.

Prigogine aliona mwenyewe jinsi karatasi ya mguuni inavyoweza kulala pasipo kuamshwa. Mwaka 1983 alitangaza bundi mwingine mdogo sana wa milima yetu na ya Rwanda, Glaucidium albertinum, mwenye madoa meupe kichwani mahali pa mistari ya yule anayefanana naye. Tena yuko ndege wa usiku, wa namna ya wale wakaao njiani gizani na kuruka mbele ya taa ya gari. Jike mmoja alipatikana Malenge, huko Itombwe, mwezi wa Agosti 1955. Alilazwa katika droo pamoja na wenzake wanaofanana naye. Mwaka 1990 Michel Louette akamtoa, akapima, akaona si wa aina yoyote iliyojulikana, akampa jina la Prigogine. Miaka 35 chali ndani ya droo! Prigogine alifariki mwaka uliofuata, 1991.

Na yule bundi wa Muusi? Kwa miaka 45 ulimwengu ulikuwa na ngozi moja tu. Watu walianza kusema labda amekwisha. Mwaka 1996 kikundi cha wachunguzi kiliingia Itombwe upande wa kusini-mashariki. Tarehe 1 Mei, katika urefu wa mita 1830, alinaswa katika wavu mwembamba waliowatandazia ndege usiku: bundi jike, hai, mwenye rangi ileile. Hawakumpiga, hawakumchuna. Walimpima, wakampiga picha, wakamwacha aende zake. Habari hiyo iliandikwa mwaka 1997 na Butynski, Agenonga, Ndera na Hart; nasi twafurahi kuona kwamba safari hii majina ya Waafrika yako juu ya karatasi ya kwanza, mahali pa waandishi.

Mnakumbuka mwaka 1996 ulivyoisha. Mwezi wa Oktoba vita vilifika Bukavu, na tarehe 29 Askofu wetu Mkuu Christophe Munzihirwa akauawa. Katika miaka ile nani angeuliza habari za bundi? Misitu ya Itombwe ikawa nyumba ya watu wenye bunduki na maficho ya wakimbizi. Machimbo ya dhahabu na madini mengine yakaongezeka, na miti ikakatwa kwa mashamba na makaa. Wachunguzi wakaogopa kuingia, na hawakuogopa bure.

Hata hivyo mwaka 2006 serikali ilitangaza Itombwe kuwa hifadhi, na mwaka 2016, baada ya mashauri marefu na wenyeji wa vijiji, mipaka yake ikakubaliwa. Hapo ndipo mtu ataona kwamba jambo la majina si mchezo wa wenye nafasi. Watu walipokaa kubishana, mlima upi ulindwe, bonde lipi liachwe kwa kulima, swali lilikuwa: kuna nini humo ambacho hakipo pengine? Lile kabati la Tervuren lilikuwa na jibu. Bundi, ndege wa usiku wa Malenge, ndege wa kijani wa Grauer: kila mmoja wao akiitwa kwa jina la mwenzake aliye kila mahali, Itombwe ingalionekana kuwa msitu kama misitu mingine. Na mwenye shoka angalikuwa na neno la kujibu. Aidha twajua kwamba wenyeji wa milima hiyo wana haja zao za shamba na kuni, na walinzi wa misitu wengine walipata kuwatendea vibaya watu wa vijijini. Ndiyo sababu yale mashauri ya mipaka yalichukua miaka kumi, na kwa maoni yetu miaka hiyo haikupotea.

Kati ya mwisho wa mwaka 2023 na mwanzo wa 2024, wachunguzi wa chuo kikuu cha Texas huko El Paso pamoja na watu wa Lwiro walipanda Itombwe tena. Wakawaona ndege weusi wenye shungi la manjano kama ua la alizeti, wakizunguka kwa makundi juu ya miti. Ni Prionops alberti, aliyeandikwa na Schouteden mwaka 1933, ambaye kwa karibu miaka 20 hakuna mwenye elimu aliyekuwa ameleta habari zake. Wakampiga picha. Huyo hafanani na mwingine yeyote; hata kijana wetu asingalimkosea.

Tangu siku ile ya mabishano, yeye na wenzake watatu wa shule wamenunua daftari moja. Tuliwaambia waandike kwanza na kufungua kitabu baadaye, kwani mtu akifungua kitabu kwanza macho yake huanza kuona yale aliyoyasoma. Ukurasa wa kwanza una tarehe, saa, na neno Nguba, na chini yake wameandika: nyusi nyeupe ndiyo, kifua chungwa, mkia kutu, manyoya mawili ya katikati meusi kidogo, anaimba na mkewe. Ukurasa wa pili una ndege wa Burundi, walioandika kwa kukumbuka. Mbele ya neno «mabawa» wameweka alama ya kuuliza, kwa kuwa kijana hakumbuki kama aliyakunguta alipotua, na shangazi yake amempelekea habari kwamba Desemba anaweza kuja tena.